Vidole Vinne kwa Mwaka

Nyuzi saba zililala sambamba juu ya meza ya cherehani, zote zimeanzia pale ukingoni palipobanduka rangi. Bernadina alizipanga hivyo kila mwaka baada ya mavuno, uzi mpya ulipofika. Zilikuwa nyuzi za katani tu, zile za kufungia magunia ya pamba, kila mmoja na fundo lake katikati. Ncha moja ilikuwa utosi wa mtoto, ncha ya pili kisigino chake, na fundo lilionyesha kiuno. Kwa vipimo hivyo Bernadina, aliyekaa Kalangalala karibu na machimbo ya dhahabu ya Geita, alimshonea magauni mtoto aliyekuwa Songwa, upande wa Shinyanga, mtoto ambaye hakuwa amemtia machoni kwa miaka sita.

Aliweka vidole vya mkono wa kushoto kwenye tofauti kati ya uzi wa sita na wa saba. Vinne. Akarudi nyuma, wa tano na wa sita. Vinne. Wa nne na wa tano. Vinne vilevile, bila kuzidi hata upana wa ukucha.

"Mnaona?" aliwaambia akina mama wenzake wa parokia waliokuwa barazani wakishona vifungo. "Mwanangu anakua kwa mpango. Huyu Mungu mwenyewe anamlea kwa kipimo."

Wenzake wakacheka, wakampongeza. Bibi Melania peke yake, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, hakucheka. Aliuchukua uzi wa tano, akaupitisha kati ya vidole vyake vikavu.

"Huu wa mwaka gani?"

"Hamsini na tatu, Bibi."

"Mwaka wa njaa."

"Ndiyo."

"Watoto wa humu Geita, wenye mihogo na samaki, mwaka ule hawakuongezeka hata kidole kimoja. Wako wa kule kwenye ukame akaongezeka vinne?" Akaurudisha uzi mezani taratibu. "Haya. Mungu ni mwingi."

Bernadina alicheka kidogo, akazikunja nyuzi akazirudisha kwenye mkebe wa biskuti. Lakini siku nzima ile alikosea pindo, akafumua, akakosea tena.

Msimlaumu haraka. Bernadina hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka wa arobaini na tisa, yeye na mumewe Valerian walipohamia Geita, padre aliwakusanya akina mama baada ya misa akawaomba kila mmoja amchukue mtoto mmoja maskini, wa jirani au wa mbali, amtunze kama anavyomtunza Kristo mwenyewe. Siku ya mwisho, padre alisema, Bwana atauliza nani alimvika, kisha atauliza nani alikuja kumtazama, na hayo ni maswali mawili. Akina mama wakaitikia amina. Nguo zikashonwa, madaftari ya shule yakanunuliwa, chumvi na sabuni zikafungwa kwenye vifurushi. Swali la kwanza walilijibu vizuri sana. La pili walilisogeza mbele, maana njia ni ndefu na kazi haziishi, na kila mtu anajua mambo yalivyo.

Wenzake walipewa majina kutoka kwenye orodha ya padre. Bernadina alikuja na mtoto wake.

Alimpata Songwa, wakati Valerian akifanya kazi kwenye machimbo ya almasi. Walikuwa Wahaya wawili kati ya Wasukuma, hawajui lugha wala njia ya kisimani, na mtu wa kwanza kuwaletea maziwa alikuwa Mbuke, mke wa Bujiku mfugaji. Mbuke alikuwa mjamzito, Bernadina naye pia. Walipishana miezi miwili tu. Wa Bernadina alikuwa wa kiume, Donatus. Wa Mbuke alikuwa wa kike. Nyumbani walimwita Limi, kwa kuwa alizaliwa jua likiwa kali, na kanisani akaitwa Serafina. Bernadina ndiye aliyemshika kichwa alipomwagiwa maji ya ubatizo, na kitoto kile hakikulia. Kilimshika kidole gumba kikaking'ang'ania mpaka ibada ikaisha.

Donatus hakutimiza miaka miwili. Alishikwa na tumbo la kuhara Jumatatu, Alhamisi wakamzika nyuma ya kigango, yaani lile kanisa dogo la udongo ambalo padre alilifikia mara chache kwa mwaka. Tangu siku ile Bernadina hakupita tena njia ya nyuma ya kigango. Na kila alipomwona Limi anakimbiakimbia uani kwa Mbuke, alishikwa na upendo na wivu kwa wakati mmoja, hata akashindwa kumbeba. Valerian alipopata kazi Geita, yeye alikuwa ameshafunga mizigo.

"Nitamvika mpaka atakapoolewa," alimwambia Mbuke siku ya kuagana. "Na kila Pasaka nitakuja kumwona."

"Nguo si lazima," Mbuke alijibu. "Wewe njoo."

Pasaka ya kwanza kivuko kilikuwa kibovu. Ya pili Valerian alikuwa na kifua. Ya tatu parokia ilikuwa na ugeni. Sababu hazikukosekana, na zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yenyewe. Kwenda Songwa kulikuwa ni kwenda kwenye lile kaburi dogo, na hilo Bernadina hakuliweza. Kwa hiyo alishona. Alishona vizuri, kwa mishono midogo iliyonyooka, na kila gauni lilipoondoka ndani ya kifurushi chake alijisikia nafuu kwa wiki mbili tatu.

Mwaka wa hamsini na mbili uzi wa nne ulifika ukiwa umefungwa kwenye barua ya Mzee Kalisti, katekista wa kule. Aliandika kwa mwandiko wake wa kutetemeka kwamba mtoto ana homa isiyoshuka, miguu imevimba, na anauliza mama wa Geita atakuja lini. Bernadina alilia siku ile. Akachukua kitambaa cheupe chenye maua ya bluu alichokuwa amejiwekea mwenyewe, akashona gauni, akalitia lesi shingoni na mikononi, akamsihi dereva wa lori alifikishe upesi. Halikuwahi kutoka gauni zuri kama lile kwenye cherehani yake. Alipolituma alijisikia kama aliyekwenda.

Mwaka uliofuata ulikuja uzi wa tano, mrefu kuliko ule wa nne kwa vidole vinne. Mzee Kalisti alikuwa amehamishwa, na barua ilitoka kwa katekista mpya aliyeitwa Onesmo. Hakutaja ugonjwa. Bernadina alipiga magoti palepale barazani akamshukuru Mungu kwamba mtoto amepona.

Sasa maneno ya Bibi Melania yalikuwa yamekaa moyoni mwake yamekataa kutoka. Aliyajibu kwa namna aliyoijua. Serafina alikuwa ametimiza miaka minane, umri wa komunyo ya kwanza. Mama wa ubatizo husimama nyuma ya mtoto siku hiyo, mkono begani, hakuna ubishi. Alishona gauni jeupe kwa kufuata uzi wa saba, refu, lenye mikunjo kifuani, na kitambaa cha kichwani cha kulingana nalo. Lilipokwisha hakulifunga kwenye kifurushi. Alilikunja akalitia kwenye sanduku lake mwenyewe.

"Nakwenda Songwa," alimwambia Valerian.

Valerian alikuwa ametoka shimoni, ananawa tope mikononi. Aliendelea kunawa muda mrefu kuliko tope lenyewe lilivyohitaji.

"Ukifika," alisema. Akachukua taulo. "Ukifika, uwasalimie."

"Wote?"

"Wote."

Lori mpaka kivukoni, lori jingine mpaka Mwanza, kisha treni ya kwenda Tabora, daraja la tatu, sanduku mapajani. Ilikuwa Oktoba, mvua haijaanguka, na nje ya dirisha nchi yote ilikuwa vumbi na vichaka vikavu. Bernadina aliyarudia maneno atakayomwambia mtoto. Atamwomba radhi kwanza. Hapana, atamkumbatia kwanza, radhi baadaye. Halafu atamvalisha gauni, amgeuze, amtazame. Aliwaza hata jinsi atakavyomlaumu kwa utani: "We mtoto, unakua hivi, unataka nikushonee turubai?" Akajikuta anatabasamu peke yake, na mama mmoja aliyeketi mbele yake na kuku wawili akatabasamu naye.

Aliposhuka Songwa alipita kwanza kigangoni. Kijana mwembamba alikuwa ameipindua baiskeli yake juu chini anaziba pancha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Onesmo? Mimi ni Bernadina wa Geita. Nimekuja kwa ajili ya Serafina binti Bujiku."

Onesmo alisimama wima, akafuta mikono kwenye suruali. Uso ulimchangamka. "Mama wa magauni! Jina la mtoto limo kwenye orodha yangu, kila mwaka nalisoma."

"Yukoje? Mrefu?"

Kijana akakuna shingo. "Nisikudanganye, mama. Simjui kwa sura. Vigango vyangu ni kumi na kimoja, hapa nafika mara moja kwa mwezi. Kwenye mafundisho hajawahi kuja, nikadhani wazazi wanamweka malishoni, wengi wanafanya hivyo. Mama yake huniletea uzi, anauweka mezani, anaondoka."

"Na gauni likifika?"

"Hulipokea kwa mikono miwili. Hasemi neno."

Bernadina alishukuru, akalinyanyua sanduku. Aliondoka kwa upande wa mbele, akaizunguka njia ya nyuma kwa mbali, kama alivyofanya miaka ile.

Ua wa minyaa ulikuwa uleule, ila zizi lilikuwa tupu na samadi yake imekauka nyeupe. Mbuke alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe, anasaga mtama. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, kikubwa, kimezungushwa mara nyingi. Pembeni yake kulikuwa na kitoto cha kike kilichovaa kipande cha gunia kilichotobolewa tundu la shingo. Moyo wa Bernadina ulimruka: huyu! Kisha akaona kuwa ni kidogo mno.

"Mwadila, mayu," alisalimu, kwa Kisukuma kidogo alichokuwa amebaki nacho.

Mkono wa Mbuke ukasimama juu ya jiwe. Aliinua uso polepole.

"Mama Donatus," alisema.

Kule Geita hakuna aliyemwita hivyo. Kule alikuwa Fundi Bernadina. Jina lile hakuwa amelisikia kwa miaka sita, na lilimpiga kifuani hata akaliweka sanduku chini.

"Umekuja," Mbuke alisema.

"Nimekuja."

"Umekuja kweli." Mbuke aliinuka, akakung'uta unga, akamletea kigoda na kibuyu cha maji, akangoja mpaka mgeni amalize kunywa. Halafu akamwelekeza yule mtoto kwa kidevu. "Huyu ni Paskazia. Alizaliwa Pasaka, mwaka wa hamsini na moja."

Bernadina alihesabu. Pasaka ile alikuwa ameahidi kuja. Alimpa mtoto mkono, mtoto akajificha nyuma ya mama yake.

"Na Serafina? Yuko kisimani? Tazama, Mama Limi, tazama nilichomletea." Alifungua sanduku kwa haraka, akalitandaza gauni jeupe juu ya mapaja yake. "Ni la komunyo. Safari hii sikulituma. Nimelileta mwenyewe, nimvalishe mwenyewe."

Mbuke alifuta viganja vyake kwenye nguo, mara mbili. Akaligusa pindo. Akaweka vidole vyake vinne pale chini ya gauni, akavitazama. Kisha akainua mikono akaanza kukifungua kile kitambaa cheusi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kikaisha.

Nywele zake zilikuwa zimesokotana na kushikana, zimeota mvi za vumbi, nywele ambazo hazikuwa zimeguswa na wembe kwa muda mrefu sana. Bernadina alikuwa ameishi Songwa vya kutosha. Aliwahi kuwaona wanawake wenye nywele kama zile. Ni nywele za msiba ambao matanga yake hayajaanuliwa.

"Hapana," alisema.

Mbuke alikikunja kitambaa kile mara mbili.

"Hapana, Mama Limi. Uzi umekuja Julai. Ninao, nimeupima mimi mwenyewe. Ameongezeka."

"Niliukata mimi."

"Na wa mwaka jana?"

"Mimi."

"Na wa mwaka wa njaa?"

"Wote watatu ni mimi, Mama Donatus."

Kuku waliendelea kudonoa mtama uliomwagika. Bernadina alilishika gauni kwa ngumi zote mbili, na kilichomtoka kwanza, Mungu amsamehe, kilikuwa hasira.

"Ulinidanganya! Miaka mitatu nakaa kwenye cherehani namshonea, nawaambia watu mwanangu anakua, napiga magoti nashukuru! Kwa nini hukuniambia? Mzee Kalisti alijua kuandika!"

"Alitaka kuandika. Nilimkataza." Mbuke aliketi chini kwenye vumbi, mbele ya kigoda. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake kwa miaka na sasa anayatoa moja moja. "Katika ukoo wetu habari ya mtoto aliyekufa haipelekwi na mtu baki kwa yule aliyemshika. Wewe ulimshika kichwa kwenye maji. Ilikuwa nikuambie mimi, kwa mdomo wangu, tumekaa chini hivi, halafu tunyoane. Bila wewe matanga hayaanuliwi. Nikasema, si neno, ameahidi Pasaka. Nikangoja Pasaka."

Bernadina aliteleza kutoka kwenye kigoda akaketi chini pia.

"Kisha Mzee Kalisti akahamishwa, akaja huyu kijana na orodha. Akasimama mbele ya watu akasoma jina lake kwa sauti. Serafina binti Bujiku. Miezi mingi hakuna aliyekuwa amemtaja, Mama Donatus. Hata baba yake. Ningesema hayupo, angelifuta kwa kalamu, palepale, naona. Nikasema uzi nitaleta, na waliokuwapo wakaniachia, maana msiba ulikuwa wangu."

"Vidole vinne," Bernadina alinong'ona.

"Sikujua angekuwa amekua kiasi gani. Nikaweka mkono wangu. Mwaka wa pili nikauweka tena." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nilitaka uone. Wewe ni fundi. Mwaka wa njaa nilijiambia, sasa ataona. Hakuna mtoto anayekua mwaka huu, hata ndama hawakui. Atauona uzi huu, atajua, atakuja."

Bernadina aliliachia gauni likalala mapajani. Alikumbuka alivyopiga magoti barazani. Mwanamke huyu alikuwa amemwita mara tatu kwa namna pekee aliyoweza, naye mara tatu akaitikia kwa kushona gauni.

"Bujiku yuko wapi?" aliuliza mwishowe, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine alichoogopa kukiuliza.

"Alivumilia miaka miwili. Mke mwenye nywele za msiba halali na mumewe, wala hatengenezi pombe ya mavuno. Akasema, huyo mama wa Geita hatakuja, nyoa. Nikakataa. Ameoa mwingine, yuko Nyahanga na ng'ombe."

"Kwa sababu yangu."

Mbuke alimpakata Paskazia aliyekuwa amekuja kujiegemeza.

"Serafina aliniulizia?" Sauti ya Bernadina ilikuwa haisikiki vizuri. "Mwishoni?"

"Kila lori lilipopita. Akilisikia tu anasema, niinue nione. Namwinua. Gauni la maua ya bluu lilipofika alilishika, akalinusa, akashika ile lesi. Akasema, 'Na yeye yuko wapi?'"

"Alilivaa?"

"Tulimvika kesho yake asubuhi," Mbuke alisema. "Lilimkaa vizuri. Kila aliyekuja kuzika alilisifu."

Hapo Bernadina alipiga yowe. Alilia kwa sauti kubwa, kwa Kihaya, kama alivyolia Alhamisi ile ya kumzika Donatus na hakuwa amelia hivyo tena tangu hapo, na majirani waliosikia walikuja mmoja mmoja wakasimama kwenye ua wa minyaa. Walimwona Mbuke yuko kichwa wazi, wakamwona mgeni, wakaelewa, wakakaa chini.

Wembe ulikuwa tayari. Mbuke aliutoa ndani, umefungwa kwenye kitambaa na umepakwa mafuta usishikwe na kutu, na ilionekana kwamba mafuta yale yalibadilishwa mara nyingi. Bernadina alimnyoa. Mkono wake uliozoea mkasi ulikwenda polepole kwenye mafundo ya nywele, na kila fungu lilipoanguka kwenye kipande cha mkeka alisema, "Nisamehe," na Mbuke alisema, "Ee." Walipobadilishana, Bernadina aliinamisha kichwa. Alikuwa na nywele nzuri, nyingi, alizoziringia. Hakuzitazama zilipoanguka.

Jua lilipopungua makali, Mbuke alimshika mkono akampeleka kigangoni. Bernadina hakuzunguka safari hii. Nyuma ya ukuta wa udongo kulikuwa na vilima viwili vidogo, kimoja kando ya kingine, na mahali pale pote palikuwa pamefagiwa. Magugu yaliota kila upande isipokuwa pale. Kwenye kila kimoja kulikuwa na msalaba wa mti, na ule wa Donatus haukuwa ule ambao Valerian aliuchonga. Ulikuwa mpya zaidi, umekatwa kwa panga, na jina limechomwa kwa msumari wa moto.

"Nani amefanya hivi?"

"Ule wa kwanza uliliwa na mchwa."

"Nani amepalilia?"

Mbuke alionekana kushangazwa na swali. "Nilipokuwa nampalilia wangu, ningemrukaje wako?"

Bernadina alipiga magoti kati ya makaburi mawili. Alikuwa amesali rozari nyingi Geita, alikuwa ameketi mstari wa mbele, alikuwa amesifiwa na padre mbele ya watu wote. Na miaka yote hiyo mwanamke huyu asiye na nguo ya kubadilisha alikuwa anakuja hapa na jembe kumtazama Donatus. Aibu ilimjaa na huzuni ikamjaa, asijue ipi inamliza. Aliweka kiganja juu ya kilima cha kushoto, kingine juu ya cha kulia. Udongo ulikuwa bado na joto la mchana.

"Baba yako anakusalimu," alimwambia Donatus. Kwa Serafina hakupata la kusema. Yale yote aliyoyapanga kwenye treni yalikuwa ya mtoto anayesimama.

Alikaa siku tatu. Asubuhi ya siku ya kuondoka, kwa kuwa matanga yalikuwa yameanuliwa na vitu vya marehemu sasa vinaweza kuguswa, Mbuke alitoa kapu kubwa lenye mfuniko. Ndani mlikuwa na magauni. Yale ya miaka ya kwanza yalikuwa yamechakaa kwapani na yana madoa ya maembe. Mawili ya juu hayakuwahi kuvaliwa na mtu. Mishono yake ilikuwa imenyooka vizuri kabisa.

Mbuke akaongeza lile jeupe juu yao. "Hili litamngoja Paskazia," alisema. Kisha akachagua gauni moja la zamani, jekundu lililopauka, akamvua mtoto gunia, akamvalisha. Lilimfika magotini. Mtoto alijitazama, akajizungusha mara moja, akacheka kwa aibu.

Bernadina aliingiza mkono kwenye sanduku bila kuwaza. Miaka ya kazi ilimwongoza. Alitoa kipande cha uzi, akachutama mbele ya mtoto. "Simama wima, mama. Hivyo. Inua kidevu."

Mkono wa Mbuke ulimshika kwenye kifundo cha mkono. Haukumshika kwa ukali.

"Huyu usimpime."

"Nataka nimshonee lake mwenyewe. Huyu mtoto hana—"

"Ukitaka kujua amefika wapi," Mbuke alisema, "njoo umtazame."

Wakabaki hivyo kidogo, mmoja amechutama, mwingine ameinama, vichwa vyao viwili vilivyonyolewa karibu karibu. Bernadina aliukunja uzi akaurudisha sandukuni.

Walimsindikiza mpaka kituoni. Treni ilichelewa, na Paskazia aliyekuwa amemzoea kwa siku tatu alichoka kusimama, akajiegemeza kwake, akalaza shavu kwenye tumbo lake. Bernadina hakuthubutu kusogea. Alitazama chini. Utosi wa mtoto ulikuwa umefika kwenye fundo la kanga yake, sawasawa, usizidi wala kupungua.

Treni ilipokuja Mbuke hakumwuliza atarudi lini. Bernadina naye hakutaja Pasaka. Waliagana kwa kushikana mikono yote minne.

Njia nzima, kwenye treni, kwenye lori, kivukoni, Bernadina alikaa na kiganja kimefunika fundo lile. Kanga ililegea mara nyingi kwa vishindo vya barabara, naye kila mara aliikaza bila kuifungua, kwa kuogopa kupapoteza mahali pale. Alifika Kalangalala mchana. Valerian alitoka mlangoni, akakiona kichwa chake kilichonyolewa, akashika nguzo ya baraza.

Angemweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, tena siku ileile. Lakini kwanza alisimama mbele yake, na kiganja chake kikiwa kimelala palepale kwenye fundo la kanga.

"Hapa," alisema, akilia. "Yule mdogo. Amefika hapa."